Seleniamu kwenye ardhioevu za mito: njia tano kwenye mizani moja

Maji yenye mikrogramu 10 za seleniamu (elementi ya asili inayofanana na salfa) kwa lita ni halali kunywa. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi 40, Marekani hadi 50. Maji hayohayo yakituama penye mwani na tope, yanatosha kumaliza samaki. Katika Ziwa Belews, North Carolina, miaka ya 1970, maji ya majivu ya makaa ya mawe yalifikisha ukolezi wa takriban 10, na kati ya spishi 20 za samaki, 19 zilitoweka kwa sababu hazikuweza tena kuzaliana.

Sumu haiingii kwa kunywa, inaingia kwa kula. Mwani na bakteria huifyonza seleniamu na kuilimbikiza mamia hadi maelfu ya mara kuliko maji yaliyowazunguka. Wadudu wa majini hula mwani, samaki na ndege hula wadudu. Mwilini seleniamu hukalia kiti cha salfa ndani ya protini, na mama huipitisha kwenye yai. Ndege mzima anaweza kuonekana ana afya huku kiinitete chake kikikua bila macho. Hayo ndiyo yaliyoonekana mwaka 1983 katika mabwawa ya Kesterson, bonde la San Joaquin, California, kwa kukuziwa, vibisi, misese na bata: mashamba yalikuwa yakimwaga humo maji yenye takriban mikrogramu 300 kwa lita.

Wala si adui kwa asili yake. Kaskazini mwa Kongo ni upungufu wa seleniamu, ukiungana na upungufu wa madini joto, uliohusishwa na watoto kudumaa mwili na akili. Shida ni kwamba pengo kati ya kinachotosha na kinachodhuru ni jembamba kuliko kwa madini mengi.

Kwa hiyo anayesimamia kinamasi, skimu ya umwagiliaji au mgodi ulio juu ya mto hujikuta na njia tano mezani, kila moja ikiwa na mtu wa kuiuza. Tunazilinganisha hapa kwa mifano ya Amerika Kaskazini, kwa kuwa huko zimejaribiwa kwa muda mrefu na kupimwa.

Vigezo kabla ya njia

Kwanza, mzigo, yaani jumla ya seleniamu inayobebwa na maji kwa muda fulani. Mtaro unaotoa lita 50 kwa sekunde wenye mikrogramu 60 kwa lita hubeba gramu 259 kwa siku, karibu kilo 95 kwa mwaka. Ukiongeza maji safi mara mbili, ukolezi hushuka lakini kilo 95 zinabaki zilezile, na zote bado zitaingia mtoni. Anayekuonyesha ukolezi tu hajakuonyesha kitu.

Pili, umbo la kikemia. Selenati (seleniamu yenye oksijeni nyingi zaidi) huyeyuka vizuri na husafiri na maji. Seleniti (yenye oksijeni pungufu) hunata kwenye chembe za chuma na tope, lakini mwani huifyonza haraka zaidi. Seleniamu ya kikaboni hufyonzwa kwa kasi kuliko zote. Njia inayopunguza jumla ya seleniamu huku ikigeuza iliyobaki kuwa seleniti au ya kikaboni inaweza kuwaacha samaki pabaya zaidi.

Tatu, mahali mnyama anapokutana nayo. Njia nyingi haziondoi seleniamu duniani, zinaihamisha tu. Uliza imehamia wapi, na nani anakula huko.

Nne, muda na matunzo.

Kipimo cha mwisho ni yai. Mwongozo wa Marekani wa 2016 kwa maji baridi unaweka miligramu 15.1 kwa kilo (uzito mkavu) kwenye mayai au ovari za samaki, 8.5 kwa samaki mzima na 11.3 kwa mnofu. Kipimo cha maji hutumika pale tishu hazipo: 1.5 mikrogramu kwa lita kwa maji yaliyotuama, 3.1 kwa yanayotiririka. Tofauti hiyo ina sababu (maji yaliyotuama huipa seleniamu muda wa kuingia kwenye mwani na tope), nayo ndiyo inayofanya ardhioevu ya mto iwe tete kuliko mto wenyewe. Kwa ndege, jimbo la Utah linatumia 12.5 kwenye yai kwa Ghuba ya Gilbert, Great Salt Lake.

Angalia mtego mmoja: maabara nyingine hurudisha majibu kwa uzito mbichi. Samaki ni maji kwa takriban robo tatu, hivyo jibu la 3 kwa uzito mbichi ni kama 12 kwa uzito mkavu. Ni rahisi kutangaza usalama kwa kosa hili. Mwombe mtaalamu akupe na asilimia ya unyevu, kila sampuli.

1. Kukata kwenye chanzo: mabomba na umwagiliaji wa kipimo

*Inavyofanya kazi.* Mwamba wa Mancos, magharibi mwa Colorado na mashariki mwa Utah, ni tope la bahari ya kale lililogandamana likiwa na chumvi na seleniamu ndani yake. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo, au yanayozidi hitaji la mmea, hushuka hadi humo, huchukua selenati na kutokeza mtoni. Dawa ni kuzuia maji yasifike kwenye mwamba: mifereji midogo inageuzwa mabomba, kumwagilia kwa kujaza matuta kunaachiwa matone au vinyunyizio.

*Inapunguza nini.* Mzigo halisi, na kwa kudumu. Karibu na Montrose, Colorado, kilomita kama 14 za mifereji ya udongo ziliwekwa mabomba, na mzigo wa seleniamu katika kijito kilichopokea maji yake ukapungua kwa zaidi ya robo. Usishangae ukolezi ukipanda kwa muda kwenye mtaro uliobaki, maana maji safi yaliyokuwa yakimwagika kutoka mfereji na kuuzimua hayapo tena.

*Wanyama.* Hatari ndogo kuliko zote, ila moja: vinamasi vingi vya pembeni viliishi kwa uvujaji huohuo. Ukifunga uvujaji bila kutenga maji safi, unawaokoa ndege na sumu kisha unawanyima makazi.

*Inapokwama.* Maji ya chini ya ardhi yana kumbukumbu, huendelea kutoa seleniamu kwa miaka. Kikwazo kikubwa zaidi ni binadamu. Mkulima anayeokoa maji hushawishika kuyatumia kufungua shamba jipya juu ya mwamba mkavu, au ardhi hiyo inajengwa nyumba zenye bustani na mabwawa yasiyosakafiwa, na mzigo unarudi kwa mlango wa nyuma. Mkataba usipogusa maji yaliyookolewa, haujakamilika. Kwa upande wa ufundi ni mambo ya kawaida: wavu wa takataka kwenye mlango wa bomba ukiziba, mfereji hufurika, na kwenye vilele vya bomba pasipo valvu ya hewa mtiririko hukatika.

*Inamfaa* mwenye chanzo cha kilimo na uwezo wa kuwaketisha wakulima pamoja. Haimfai anayehitaji matokeo msimu ujao.

2. Kuyachepusha maji machafu na kuyatumia tena

*Inavyofanya kazi.* Katika eneo la Grassland, California, maji ya mashamba yalikuwa yakipita kwenye mifereji ileile inayolisha vinamasi vya ndege wahamaji. Kuanzia Septemba 1996 yalichepushwa kupitia kilomita 45 za mfereji wa San Luis (uleule uliolisha Kesterson) hadi Mud Slough na kisha mto San Joaquin. Hilo liliondoa maji hayo kwenye kilomita takriban 150 za mifereji ya ardhioevu. Hatua ya pili ndiyo iliyoleta tofauti kubwa: kuanzia 2001 maji machafu yalielekezwa kwenye shamba maalumu, lililokua hadi hekta kama 2,400, la nyasi na mazao yanayovumilia chumvi, hasa nyasi ngano ndefu. Mmea unakunywa maji, chumvi na seleniamu vinabaki kwenye udongo.

*Inapunguza nini.* Mzigo uliofika mtoni ulishuka kwa zaidi ya asilimia 90 katika miongo miwili. Haukushuka kwa mabomba peke yake. Kulikuwa na kikomo cha kilo kwa kila mwezi na kila mwaka, ada kwa kuvuka kikomo, na kwa muda wilaya za maji ziliweza kuuziana migao ya mzigo. Anayeiga mifereji bila kuiga kikomo ameiga nusu isiyofanya kazi.

*Wanyama.* Vinamasi vilipona haraka, Mud Slough ikabeba mzigo wa wote. Hiyo ndiyo bei ya kuchepusha, na isifichwe. Kwenye shamba la nyasi nako, maji yakituama kwenye vidimbwi, misese huja kutaga. Hatua za kawaida ni kuweka mitaro ndani ya mabomba, kusawazisha mashimo, kuwafukuza ndege kabla hawajatengeneza viota, na kuwapa kinamasi mbadala chenye maji safi.

*Inapokwama.* Mwaka wa mvua nyingi. Shamba haliwezi kunywa maji ya mafuriko, nayo huteremka yote kwa mpigo. Halafu kuna chumvi: isipotolewa, udongo hufika mahali hata nyasi zinasalimu amri. Ukikosa mpango wa chumvi wa mwaka wa 15, ujue umenunua muda tu.

*Inamfaa* eneo lenye ardhi tele, mvua chache na chombo kimoja chenye mamlaka juu ya wakulima wote.

3. Bwawa la kusafisha kwa mimea

*Inavyofanya kazi.* Maji hupita polepole katikati ya matete, kwenye tope lisilo na oksijeni. Bakteria hugeuza selenati kuwa seleniti, kisha seleniamu isiyoyeyuka inayozama topeni. Sehemu hupaa hewani kama gesi kupitia mimea na vijidudu.

*Inapunguza nini.* Kwenye kinamasi cha hekta 36 cha kiwanda cha kusafisha mafuta cha Chevron, Richmond, California, maji yaliingia yakiwa na mikrogramu 20 hadi 30 kwa lita, nyingi ikiwa seleniti, na asilimia 89 ya seleniamu ikabaki humo. Kati ya asilimia 10 na 30 ilikadiriwa kupaa hewani. Kwa maji ya mashamba yenye selenati, vyumba kumi vya majaribio huko Corcoran vilishika kama asilimia 60 hadi 70. Tofauti hiyo ni ya umbo, kwani seleniti hunaswa kwa urahisi. Asiyejua maji yake yana umbo gani asiazime asilimia za jirani.

*Wanyama.* Hapa ndipo tunapopunguza shauku. Bwawa la mimea ni kinamasi, na ndege hawasomi kibao kinachosema ni mtambo wa kusafishia. Kinachoondoka kwenye maji kinakaa topeni na ndani ya wadudu, yaani kwenye sahani yao. Wanasayansi wengi huanza kuwa na wasiwasi mashapo yakipita miligramu 2 kwa kilo, na bwawa linalofanya kazi vizuri litapita hapo kwa sababu ndiyo kazi yake. Huko Richmond mayai ya ndege yalipanda seleniamu, ikabidi kinamasi kibadilishwe ili kisiwavutie. Ikibidi kulijenga, panda matete kwa msongamano, usiache maji ya wazi wala kingo za tope laini, tengeneza kuta zenye mteremko mkali, au yapitishe maji chini ya changarawe bila kuonekana juu kabisa.

*Inapokwama.* Baridi huwapunguza bakteria kasi, na nitrati ikiwa nyingi hutumiwa kwanza. Bwawa likikauka kiangazi, seleniamu ya topeni hupata hewa, hugeuka tena selenati, na maji ya kwanza ya mvua huibeba yote. Tope likijaa lazima lichimbwe na kupelekwa mahali.

*Inamfaa* mwenye maji machache, ukolezi wa wastani na uwezo wa kuwazuia ndege. Kwa hifadhi ya ndege, ni chaguo la kutiliwa shaka.

4. Mtambo wa bakteria

*Inavyofanya kazi.* Ni kemia ileile ya tope, ila imefungiwa kwenye tangi. Bakteria hupewa chakula (molasi, methanoli au asetati), humaliza oksijeni, kisha nitrati, ndipo hugusa selenati. Mpangilio huo haurukwi, nao ndio unaoamua gharama. Kila gramu ya nitrojeni ya nitrati inadai takriban gramu 2.5 hadi 3 za methanoli. Mgodi unaotoa mita za ujazo 10,000 kwa siku zenye miligramu 20 za nitrojeni hiyo kwa lita utatumia kilo 500 hadi 600 za methanoli kila siku kabla seleniamu haijaguswa. Seleniamu yenyewe, kwa uchache wake, karibu haidai chochote. Unalipia nitrati.

*Inapunguza nini.* Selenati nyingi, mfululizo, mahali padogo. Ila kinachotoka kipimwe kwa umbo. Mtambo wa West Line Creek, bonde la Elk huko British Columbia, ulianza 2014. Baadaye ilibainika kwamba ingawa jumla ya seleniamu ilipungua, sehemu iliyotoka ilikuwa katika maumbo ambayo viumbe hufyonza kwa urahisi zaidi, na mwaka 2018 ikabidi iongezwe hatua ya kuioksidisha irudi kuwa selenati. Bonde hilohilo lilianza mwaka huo njia nafuu zaidi: machimbo ya zamani yaliyojazwa mawe na maji, ambamo bakteria hulishwa chini kwa chini, yakianzia mita za ujazo 10,000 kwa siku.

*Wanyama.* Hawaoni tangi, jambo zuri. Hatari iko kwenye bomba la kutokea: seleniti, seleniamu ya kikaboni, mabaki ya chakula cha bakteria na oksijeni kidogo.

*Inapokwama.* Chakula kikipungua, selenati hupita. Kikizidi, bakteria hugeukia sulfati na kutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, ambayo ni sumu kwa samaki. Tope linalotolewa lina seleniamu ya kutosha kuhitaji kipimo cha kuona kiasi kinachovuja likilowa: nchini Marekani likivujisha zaidi ya miligramu 1 ya seleniamu kwa lita ni taka hatarishi. Umeme ukikatika wiki moja, bakteria huchukua muda kurudi. Na kwa anayefikiria kunasa seleniamu kwa chembe za kutu ya chuma badala ya bakteria: hunasa seleniti vizuri, selenati nyingi hupita.

*Inamfaa* mwenye bomba moja lenye mtiririko wa kudumu, mafundi wa zamu na mfuko wa miaka mingi. Mitaro mia ya mashamba haifai hapa.

5. Kuisuuza ardhioevu, au kuifukia

Njia hizi mbili ni za pale ambapo madhara yamekwisha kulala topeni. Hazikomeshi chanzo, na kuzianza kabla ya kukizuia ni kudeki sakafu huku bomba likivuja.

*Kusuuza* kumetumika Ziwa Stewart, kinamasi cha kando ya mto Green huko Utah. Mitaro ya mashamba ilielekezwa kwanza mtoni. Kisha kinamasi huachwa kikauke ili seleniamu ya topeni ipate hewa na kugeuka selenati, hujazwa kwa maji ya theluji iliyoyeyuka, na kumwagwa. Mpangilio ni nusu ya kazi. Kukausha na kujaza bila kumwaga ni kosa baya, kwa kuwa unaipika selenati na kuigawia mwani. Mlango wa kutokea uwe chini kabisa ya kinamasi, na maji ya kwanza kutoka ndiyo machafu zaidi, yapimwe. Mwaka wa theluji chache hakuna cha kusuuzia. Pia kuna mvutano wa ratiba: kinamasi hicho ni kitalu cha vifaranga vya samaki wa asili aliye hatarini, *Xyrauchen texanus*, wanaohitaji maji yakae huku usuuzaji ukitaka yatoke.

*Kufukia* ndiko kulikotumika Kesterson: maji yalisimamishwa 1986, sehemu za chini zikajazwa udongo 1988. Mlolongo wa chakula wa majini ulikatika mara moja. Ardhioevu nayo ilikwisha, na panapobaki shimo mvua hutengeneza dimbwi la muda linalohitaji kuangaliwa kila mwaka. Watafiti walijaribu pia kuharakisha upaaji wa seleniamu kwa kulima na kulisha kuvu wa udongo, hata kwa maganda ya machungwa. Inafanya kazi, lakini kwa kasi ya miaka na kwenye tabaka la juu tu.

*Zinawafaa*: kusuuza, wenye mto wenye mafuriko ya uhakika na lango la kutolea; kufukia, wenye ardhi ndogo iliyoharibika vibaya na fedha za kutengeneza kinamasi kingine safi karibu.

Uanzie wapi, kwa hali yako

Huna vipimo vya kuaminika: usichague bado. Chukua mwaka mzima wa mtiririko na ukolezi pamoja, sampuli zichujwe kwa mikroni 0.45 na kutiwa asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Zile za kupima umbo zisitiwe asidi hiyo, zihifadhiwe kwenye baridi na zifike maabara mapema. Ongeza mashapo, wadudu, samaki mzima, na kwa kibali, yai moja kwa kila kiota.

Chanzo ni mashamba yaliyotawanyika: anza na njia ya kwanza, hata ukijua utaongeza ya pili. Kila lita isiyofika mtaroni hupunguza ukubwa wa kila kitakachojengwa baadaye.

Maji machafu yanapita katikati ya hifadhi na msimu wa kutaga uko karibu: chepusha. Sema wazi ni kijito kipi kitaumia, kwa muda gani, na weka kikomo cha kilo kinachopungua kila mwaka.

Chanzo ni bomba moja la mgodi au kiwanda: mtambo, au machimbo ya zamani yaliyojazwa mawe na maji kama yapo. Kibali kidai kipimo cha seleniti na seleniamu ya kikaboni, si jumla peke yake. Maji yakiwa machache na mengi ni seleniti, bwawa ambalo maji hupita chini ya changarawe linaweza kutosha bila mtambo.

Chanzo kimekwisha kuzibwa lakini mayai ya ndege bado yana zaidi ya miligramu 12.5 kwa kilo (uzito mkavu): tatizo ni tope. Lango na mafuriko vikiwepo, suuza. Visipokuwepo, na eneo likiwa dogo, fukia na ujenge kingine. Likiwa kubwa, lishe maji safi ya kutosha kulifanya litiririke badala ya kutuama, na endelea kupima mayai kila msimu wa kutaga.